Maji ya Desemba yanayongojewa Aprili: uzi kuhusu barafu ya kutengenezwa katika vijiji vya Ladakh

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Lamu, Malindi na kwingineko. Wiki iliyopita nilikaa barazani na wavuvi wawili waliokuwa wakibishana ni barafu gani hukaa zaidi katika sanduku la samaki, ile ya bonge au ile iliyopondwa. Mmoja alishinda kwa hoja nyepesi, kwamba bonge huguswa na joto kwa nje tu, ilhali iliyopondwa huguswa kila punje kwa pande zake zote. Nilirudi nyumbani nikiwa na jambo hilo kichwani, kwa sababu miaka niliyosomesha jiografia nilizoea kuwasimulia wanafunzi habari za watu wa Ladakh, ambao wameitumia kanuni hiyo hiyo ya sanduku la samaki kumwagilia mashamba yao. Naomba niieleze hapa kwa urefu.

Ladakh ni nchi ya milima iliyo kaskazini kabisa ya India, kati ya safu za Himalaya na Karakoram. Mji wake mkubwa, Leh, uko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua inayonyesha hapo kwa mwaka mzima ni milimita 100 hivi, kiasi ambacho sisi Lamu tunaweza kukipata katika siku chache za masika. Mkulima wa huko hawezi kuitegemea mvua. Hupanda shayiri, ngano, njegere, viazi na miti ya aprikoti katika mabonde, na maji huyaleta kwa mifereji kutoka kwenye barafuto, yaani ile mito ya barafu inayotambaa polepole kutoka vileleni.

Msimu wao ni mmoja kwa mwaka, nao ni mfupi. Mbegu sharti ziingie ardhini Aprili au Mei ili mavuno yawahi kabla ya baridi kurudi, lakini barafuto ziko juu mno, nyingi zimepita mita 5,000, na jua haliziyeyushi vya kutosha mpaka ifike Juni. Kwa hiyo miezi ambayo shamba lina kiu kuliko miezi yote ndiyo ambayo mfereji hauna kitu. Na katikati ya baridi, mashamba yakiwa yamelala na hakuna anayehitaji hata ndoo moja ya kumwagilia, vijito huendelea kutiririka kidogo kidogo usiku na mchana hadi vikaingia katika mto Indus na maji yakaenda zake. Maji yapo, ila huja kwa mtu asiye na haja nayo, kisha hukosekana haja inapoingia.

Mkulima wa Sabaki (Malindi)

Waalaykum salaam, Maalim. Mimi nalima kando ya Sabaki, na maneno yako ya mwisho nimeyasoma mara mbili. Mto wetu huja mwekundu wakati wa mvua, ukabeba udongo wa bara mpaka bahari ya Malindi ikabadilika rangi, na mwaka ukiwa mzito hufunika mahindi yaliyo karibu na ukingo. Ikifika Februari, mto ule ule huwa mwembamba hadi pampu yangu huanza kuvuta mchanga.

Swali langu ni la mtu wa shamba. Kwa nini wasichimbe lambo wakayahifadhi maji yao hivyo yalivyo? Kuyagandisha kisha kukaa kungoja yayeyuke naona kama kuzunguka kisiwa kizima ilhali mlango uko mbele yako.

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Malambo madogo wanayo tangu zamani, wao huyaita zing, nayo hukusanya maji yanayoteremka usiku ili yafunguliwe asubuhi. Lakini kuhifadhi maji ya miezi minne katika mabonde yale ni kazi ya namna nyingine. Miteremko ni mikali, ardhi tambarare ni chache na yote imekwisha kulimwa, na udongo wenyewe ni changarawe inayovuja. Bwawa lingehitaji ukuta mkubwa na saruji nyingi, na gharama yake haibebeki kwa kijiji cha nyumba chache. Barafu kwa upande wake haihitaji chombo. Ukiisimamisha mlimani inasimama yenyewe, na siku ikiwa na joto kidogo inatoa maji kidogo, siku ikiwa na joto jingi inatoa mengi, kama vile ina bomba lililofungwa na mwenye kujua hali ya shamba.

Aliyeanza kuifanyia kazi fikira hii kwa utaratibu ni mhandisi mmoja wa serikali, mwenyeji wa Ladakh, jina lake Chewang Norphel. Husimuliwa kwamba wakati wa baridi aliona bomba lililoachwa wazi ili lisipasuke kwa kuganda, na maji yake yakimwagika bure. Pale yalipokwenda kwa kasi hayakuganda, lakini pale yalipopita polepole chini ya kivuli cha miti ya mipopla yalikuwa yametanda na kuwa sakafu nene ya barafu. Kutoka hapo akapata mambo mawili ya kufanya: kuyapunguzia maji mwendo na kuyatilia kivuli.

Kuanzia mwaka 1987 alijenga mabarafuto yake juu ya vijiji. Namna yake ni hii. Maji ya kijito hugeuzwa kwa mfereji hadi upande wa mlima usiopigwa na jua la baridi, yakaachiwa kushuka kwenye mteremko uliowekewa kuta fupi za mawe, ukuta mmoja chini ya mwingine. Kila ukuta huyazuia kidogo, yakatanda na kuganda, na ya siku ya pili yakaganda juu ya yale ya kwanza, tabaka juu ya tabaka hadi Machi. Vifaa ni mawe ya hapo hapo na mikono ya wanakijiji. Kwa kuwa mahali penyewe pako chini kuliko barafuto za asili, joto hupafikia mapema, na maji hushuka wakati wa kupanda. Alipanga hata ngazi za barafu kwa urefu tofauti, ya chini iyeyuke kwanza, kisha ya kati, kisha ya juu, hadi barafuto ya Mungu ianze kutoa maji yake. Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 2015. Mimi binafsi namheshimu zaidi kwa kuwa aliyatazama kwa makini maji yaliyomwagika chini ya bomba, jambo ambalo watu wote walikuwa wakilipita kila siku.

Fundi wa Shela (Lamu)

Maalim, sabalkheri. Mimi ni fundi wa mabomba, na kuna kitu kimoja sijakielewa. Nimewahi kuona picha ya barafu ya Ladakh iliyosimama kama mnara, nene chini na yenye ncha juu, ikanikumbusha mnara wa msikiti wetu wa Ijumaa hapa Shela. Hiyo si barafu ya kutandazwa mteremkoni kama ulivyoeleza. Walipandishaje maji mpaka juu, na pampu ya aina gani ingefanya kazi katika baridi ile bila mafuta yake kuganda?

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Fundi, hiyo ni hatua ya pili, na utaipenda kwa sababu hakuna pampu hata moja.

Njia ya Norphel ilikuwa na masharti magumu: ilitaka mahali pa juu sana, penye kivuli, ambapo mara nyingi ni mbali na kijiji, na kuta zake zilihitaji kurudiwa baada ya mafuriko. Mhandisi mwingine wa Ladakh, Sonam Wangchuk, mmoja wa waasisi wa SECMOL, harakati ya elimu iliyoanzishwa mwaka 1988, aliona barafu chini ya daraja mwezi wa Mei, mahali pa chini ambapo hewa ilikwisha kuwa na joto. Akatambua kwamba kinachoiyeyusha barafu upesi ni jua linaloipiga moja kwa moja, kuliko joto la hewa peke yake. Kivuli cha daraja hakuwa nacho kila mahali, basi akatafuta umbo ambalo litaonyesha jua sehemu ndogo tu ya barafu. Hapo ndipo tunaporudi kwa wale wavuvi wangu wawili. Maji yaliyotandazwa yakaganda kama mkeka ni kama barafu iliyopondwa. Maji yale yale yakirundikwa kwenda juu yanakuwa bonge, na jua linagusa ngozi ya nje tu.

Sasa habari ya bomba. Chukua mpira wa maji, uingize mdomo wake kijitoni juu kabisa ya bonde, uulaze chini ya ardhi mpaka bondeni, kisha umalizie kwa bomba lililosimama wima. Unajua kwa kazi yako kwamba tangi lililo juu ya dari la msikiti husukuma maji mpaka kwenye bomba la udhu, na kwamba maji hayo yakipewa njia ya kupanda yatapanda karibu na kimo cha tangi, yakipungukiwa kidogo kwa msuguano wa njiani. Kijito kikiwa juu zaidi ya kilele cha mnara, maji hujirusha yenyewe hewani. Hutawanywa kama manyunyu usiku, hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, yakaanguka juu ya matawi na nyaya zilizofungwa chini yake, yakaganda.

Manyunyu yana sababu yake. Kila lita moja ya maji inapoganda hutoa joto la kilojuli 334 hivi, nalo lingetosha kuipasha lita hiyo hiyo kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Joto lote hilo sharti lichukuliwe na hewa. Ukimwaga ndoo nzima kwa pamoja hewa haiwezi kulichukua upesi, lakini tone dogo linalosafiri hewani huanza kulipoteza kabla halijatua.

Jaribio la kwanza, la baridi ya 2013 na 2014, lilikuwa na kimo cha mita 6 na lita 150,000 za maji, mahali pasipo na kivuli chochote, nalo lilidumu mpaka Mei 18. Mwaka uliofuata, katika kijiji cha Phyang, kwa michango ya watu wa nchi mbalimbali na msaada wa monasteri ya hapo, walilaza mpira wa kilomita 2.3 na kusimamisha mnara wa mita 20 uliodumu mpaka Julai 6, 2015. Waliuita stupa, kwa kuufananisha na majengo ya ibada ya Wabudha yenye umbo hilo, na kwa kweli jina lilisaidia watu kuuona kuwa ni kitu chao. Maji yake, kiasi cha lita milioni 1.5, yalimwagiliwa miche 5,000 ya miti. Mwaka 2016 Wangchuk alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo, na mwaka huo huo minara kama hiyo ikaanza kujengwa Pontresina, Uswisi.

Fundi wa Shela (Lamu)

Nimeridhika na habari ya shinikizo. Lakini mpira ule, maji yakisimama ndani yake kwa robo saa katika usiku wa namna hiyo, si utaganda wote na kupasuka?

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Naam, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Mpira huzikwa chini ya ardhi kwa sababu hiyo, na maji hayaruhusiwi kusimama. Mwendo ukikatika, iwe kwa takataka zilizoziba mdomo wa juu au kwa ncha ya juu kuganda, mtu sharti atoke saa ile ile ya usiku aende kuufungua au kuumwaga. Picha za mnara mweupe mchana zinapendeza, nami nazipenda, lakini hazimwonyeshi huyo mtu aliyeamka usiku wa Januari.

Mama wa Siyu (Pate)

Maalim, nimefuatilia tangu mwanzo, na kwa hapa naomba niingie. Sisi huku visiwani tuna majabia. Kwa wasioyajua, jabia ni uwanja uliosakafiwa ili kukinga mvua na kuielekeza katika tangi lililochimbwa chini. Nimeona jabia lililojengwa vizuri likafa baada ya miaka michache, na halikufa kwa kukosa mvua. Sakafu ilipasuka ufa mdogo, kila nyumba ikadhani nyumba nyingine itauziba, na mwishowe mbuzi wakawa wanalala ndani yake. Kwa hiyo mimi siulizi juu ya mpira wala juu ya umbo. Nauliza ni nani anayeamka usiku huo, na analipwa na nani. Tena, kijito kikigeuzwa juu kikagandishwa, walio chini ya bonde wanasemaje? Maji ya mto hayana tabia ya kuwa ya mtu mmoja.

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Mama, umegusa mahali ambapo wahandisi huharakisha kupita. Nitajibu kwa yale ninayoyajua.

Vijiji vya Ladakh vina desturi ya zamani ya kumteua mgawaji wa maji, aitwaye churpon, ambaye hufungua na kufunga mifereji kwa zamu, nyumba moja baada ya nyingine, na akitatua ugomvi neno lake hushika. Mahali ambapo desturi hiyo iko hai, barafu ya kutengenezwa hupata mwenyewe, kwa kuwa watu wamekwisha kuzoea kuamini kwamba zamu yao itafika. Mahali ambapo vijana wameondoka kwenda kutafuta kazi mijini, wazee waliobaki hawawezi kupanda mlimani usiku, na mnara hauinuki mwaka wa pili hata kama mpira bado uko ardhini. Mimi naona mradi wowote wa namna hii ungeanza kwa kuhesabu watu kabla ya kuhesabu mabomba.

Juu ya walio chini ya bonde, hoja inayotolewa ni kwamba maji ya baridi hayana mlimaji. Ni kweli kwa shamba, lakini si kweli kwa kila kitu, maana maji yanayopita ndiyo pia yanayoingia ardhini na kulisha chemchemi za chini. Mapatano na kijiji cha chini ni sehemu ya ujenzi, kama ulivyo msingi wa nyumba.

Tena nisiwafiche jambo jingine. Vitu hivi tunaviita barafuto kwa heshima tu. Barafuto ya kweli ni akiba ya karne nyingi, na mwaka wa ukame hutoa maji yaliyonyesha kabla ya babu zetu kuzaliwa. Mnara wa barafu ni akiba ya baridi moja, na ukiyeyuka umekwisha. Barafuto za asili zinarudi nyuma kwa sababu dunia inapata joto, na joto hilo hilo hufupisha baridi inayoujenga mnara. Watu wa Ladakh wanaitumia njia hii kuvuka pengo la Aprili hadi Juni, na kwa pengo hilo inafaa sana, lakini chanzo cha kijito kikikauka hakuna cha kugandisha. Wangchuk mwenyewe amekuwa akiwaambia watu wa miji mikubwa wapunguze matumizi yao, kwa kuwa moshi wa huko ndio unaofika mlimani kwake.

Wana Ladakh hawako peke yao. Upande wa pili wa mpaka, Gilgit-Baltistan ya Pakistani, kuna desturi ya kale zaidi ya kuziozesha barafu, yaani kuzifungisha ndoa. Wazee huchukua vipande vya barafu wanayoiita ya kiume, iliyofunikwa udongo na mawe, na vya ile ya kike, iliyo safi na kung'aa, wakavibeba kwa miguu hadi pango lenye kivuli juu ya kijiji, wakavifunika kwa makaa na vitu vingine vya kuzuia joto, kwa matumaini kwamba vitakua. Mimi sicheki desturi hiyo. Ukitoa habari ya ndoa, utaona walichagua kivuli, kimo na kifuniko, yaani yale yale ambayo wahandisi waliyafikia baadaye.

Mwanafunzi wa Malindi

Shikamoo, Maalim. Nauliza kwa sababu tumesoma darasani kwamba barafu ya Mlima Kenya inakwisha. Je, haiwezekani kujenga minara hiyo huko juu, ili wakulima wa chini wapate maji, na Tana na Sabaki zisipungue?

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Marahaba, mwanangu. Ni kweli inakwisha. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba barafu ya milima yetu mitatu, yaani Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori, inakadiriwa kutoweka ifikapo miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya huenda ikatangulia.

Lakini minara haitafaa huko. Ladakh ina miezi ya baridi mfululizo, ambapo kilichoganda Desemba hakiguswi mpaka Machi. Sisi tuko juu ya ikweta. Kule juu ya Mlima Kenya usiku huganda na mchana huyeyuka, mwaka mzima, kwa hiyo utakachokigandisha usiku jua litakidai mchana. Tena mito inayoteremka kutoka pale hailishwi zaidi na barafu. Inalishwa na mvua na ule msitu unaozunguka mlima, ambao huinyonya mvua na kuiachilia polepole. Mwenye kutaka Tana isipungue Kipini na autazame msitu. Na Sabaki yenu, mwanangu, haitoki Mlima Kenya, huja kwa njia ya Athi na Galana kutoka nyanda za karibu na Nairobi.

Hata hivyo sisi nasi tuna ghala zetu. Machakos, Makueni na Kitui watu hujenga ukuta kukatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakakaa ndani ya mchanga ambapo jua haliyafikii. Na hapa Lamu tunao mchanga wa vilima vya Shela, unaoipokea mvua ya masika na kuiweka juu ya maji ya chumvi, yakaelea kwa wepesi wake, tukayanywa wakati wa kaskazi. Hatukuujenga sisi. Ukijengewa nyumba juu yake, au ukivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha chini haraka. Nililia siku niliyoonja kisima kimoja nilichokijua tangu utoto na kukikuta kimegeuka.

Fundi wa Shela (Lamu)

Kisima hicho nakijua, Maalim, na si hicho peke yake. Nimepiga hesabu ya ile stupa ya Phyang. Lita milioni 1.5 ni mitungi 75,000 ya lita 20. Ukigawanya kwa miche 5,000, kila mche umepata mitungi 15 kwa msimu wote. Sijui kama hiyo ni mingi au ni michache, Mkulima wa Sabaki atuambie.

Mkulima wa Sabaki (Malindi)

Mche wa mwembe nikiupanda mwishoni mwa mvua, huupa mtungi mmoja kwa wiki wakati wa kiangazi, jioni, na majani makavu shinani. Kwa hesabu yangu mitungi 15 ni wiki 15. Ukianzia katikati ya Aprili, wiki hizo zinakwisha mwishoni mwa Julai, na Maalim ametuambia barafuto ya juu huanza kutoa maji Juni. Basi mche umevuka, na umebakiwa na mitungi kadhaa mkononi.